Gundi Inapogeuka Kioo

Titanic ilikuwa na urefu wa mita 269. Modeli yake ya kipimo cha 1:350 ina sentimita 77 hivi, na dirisha la duara la sentimita 30 linabaki kitundu kisichofika milimita moja. Ukipachika plastiki angavu yenye unene wa milimita moja, kwa kipimo hicho umeweka kioo cha sentimita 35! Mwanga unapinda kingoni, na mtazamaji anaona kasoro papo hapo.

Wengi hukimbilia supaglu. Inashika upesi, ila kesho yake dirisha limetanda ukungu mweupe. Ni mvuke wa gundi yenyewe: molekuli zake hupaa, zikakutana na unyevu juu ya plastiki, zikaungana na kuganda hapo hapo. Polisi huitumia tabia hiyo kuibua alama za vidole. Na kemikali hii ilipatikana mwaka 1942, pale Harry Coover na wenzake wa Kodak walipokuwa wakitafuta plastiki angavu ya vifaa vya kulengea shabaha. Waliiacha kwa kuwa ilinata kupita kiasi.

Kwa matundu madogo, hakuna kinachoishinda gundi nyeupe ya maji, ile ya PVA. Chovya kijiti cha meno, kizungushe ukingoni hadi gundi ishike pande zote, kisha ivute taratibu kukatiza tundu. Utando mweupe unatanda, na mvutano wa uso wake unaushikilia usidondoke. Tundu likiwa kubwa utando hulegea au hupasuka. Hapo kata plastiki nyembamba.

Saa chache baadaye weupe umetoweka. Gundi hii ni chembe ndogo mno za plastiki zinazoelea majini. Mwanga ukigonga mpaka wa chembe na maji hutawanyika kila upande, na ndivyo maziwa nayo yanavyopata weupe wake. Maji yakikauka, chembe hushikamana kuwa kitu kimoja, mipaka inakwisha, mwanga unapita.

Madirisha yaje mwisho kabisa, baada ya rangi na vanishi. Vanishi isiyong'aa hutawanya mwanga na kukitia kioo ukungu, na maji huweza kuulainisha utando. Ndani ya vyumba paka rangi nyeusi mapema: meli halisi ikitazamwa mchana kutoka gatini, madirisha yake huonekana meusi, kwa sababu mwanga unaoingia ndani ni mwingi kuliko unaorudi nje.