TUSIKODI KALAMU TUSIYOIJUA

Vijana wetu wanaosomea kompyuta, na maofisa wa serikali wanaowaajiri, hivi sasa wanakabiliwa na uchaguzi ambao walimu wao hawakupata kuujua. Vihariri vya kuandikia programu vimetiwa akili mnemba. Mwandishi huanza mstari na mashine ikaumaliza. Au huieleza haja yake kwa maneno ya kawaida, nayo ikaandika kurasa nzima za msimbo. Vyombo hivi vimekwisha kuenea. Lililobaki ni kujua kipi kichaguliwe, na kwa kipimo gani.

GitHub, shirika lililo mikononi mwa Microsoft tangu 2018, lilitangaza Copilot mwaka 2021, na mwaka uliofuata likaanza kuiuza kwa dola 10 kwa mwezi. Baadaye ikaja Cursor ya kampuni ya Anysphere, na mwaka 2024 ikafuata Windsurf. Copilot hupachikwa katika kihariri ambacho mtu anacho tayari. Cursor na Windsurf ni vihariri kamili, ingawa vyote viwili vimejengwa juu ya msingi wa Visual Studio Code ya Microsoft. Kwa hivyo aliyezoea kimoja hatapotea katika kingine, na tofauti za sura zisitushughulishe mno. Yapo mambo matatu mazito zaidi.

La kwanza ni gharama. Juni 2025 Cursor ilibadilisha hesabu ya malipo. Watumiaji wakalalamika kutozwa wasivyotarajia, na mwezi uliofuata kampuni ikaomba radhi. Julai hiyo hiyo mkurugenzi mkuu wa Windsurf alihamia Google, na katika siku chache kampuni ikanunuliwa na Cognition. Ofisi ya umma haifai kufunga mkataba wa miaka mingi katika soko la namna hii.

La pili ni amana ya wananchi. Vyombo hivi kwa kawaida hupeleka sehemu za msimbo katika mitambo iliyo ng'ambo. Anayebandika humo orodha ya wagonjwa au daftari la ardhi, hata kwa majaribio, ametoa nje kisicho chake.

La tatu ni bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Siku kama hiyo msaidizi aliye ng'ambo hanyanyui kalamu. Sisi watu wa visiwa yatupasa kuwa na akiba. Ipo mifumo iliyotolewa wazi, kama Qwen2.5-Coder ya mwaka 2024, inayoweza kufanya kazi ndani ya kompyuta yetu wenyewe. Haifikii nguvu za ile mikubwa, lakini haitoi siri nje wala haingoji waya.

Wako watakaosema kuwa kasi ndiyo kila kitu. Taasisi ya METR ya Marekani iliwapima waandishi 16 wenye uzoefu mwaka 2025. Walidhani akili mnemba imewaharakisha kwa asilimia 20. Saa ilionesha wamechelewa kwa asilimia 19. Hao walikuwa wakifanya kazi katika miradi waliyoijua vizuri, na huenda wengine wakapata matokeo mengine. Hata hivyo funzo ni wazi: mtu asihukumu chombo kwa kuvutiwa nacho.

Tunawaomba wakuu wa idara wanaohusika wajaribu vyombo viwili au vitatu kwa kazi halisi, kwa mwezi mmoja, na wapime muda pamoja na makosa. Walipe mwezi kwa mwezi. Wapige marufuku taarifa za raia kuingizwa humo. Na pasiwe na mstari unaoingia katika mfumo wa serikali kabla ya kusomwa na kufahamika na mtu mwenye jina na dhamana.

Kwa vijana wetu, nasaha yetu ni kujifunza kwanza kuandika kwa mkono wao. Asiyejua kusoma msimbo hawezi kumsahihisha msaidizi wake, na mtegemea cha nduguye hufa maskini.