Modeli ya Ardhi kwa Vipande: Kutoka Ziwa Kivu hadi Nyiragongo

Katika makala hii tunaeleza jinsi ya kutengeneza modeli ya ardhi ya vipande vinavyoungana, kama zile za michezo ya vita ya mezani, ili itumike katika somo la Kiswahili. Mfano wetu ni Cyanzarwe, wilayani Rubavu, pamoja na ardhi inayoizunguka pande zote mbili za mpaka.

Kwanza ni skeli. Katika skeli ya 1:10,000, sentimita 1 huwakilisha meta 100. Kutoka Ziwa Kivu hadi kreta ya Nyiragongo ni kama kilomita 18, hivyo vipande vinne vya sentimita 50 kwa 50 vinatosha. Vingine huongezwa upande wa mashariki kwa ajili ya Cyanzarwe. Ziwa liko takriban meta 1,460 juu ya usawa wa bahari na kilele meta 3,470. Mezani tofauti hiyo ni sentimita 20.

Pili ni matabaka. Kila kontua ya meta 40 hunakiliwa kwenye kadibodi yenye unene wa milimita 4, hukatwa, kisha hubandikwa juu ya tabaka lililotangulia. Ngazi hizo hulainishwa kwa karatasi zilizolowekwa katika gundi. Aidha, vipande vyote vianzie usawa wa ziwa, na kila kontua inayokatiza ukingo ikutane na mwenzake, vinginevyo havitaungana.

Tatu ni majina. Mwaka 2006 Waogiek wa Nessuit, nchini Kenya, walitengeneza modeli ya msitu wa Mau kwa skeli hiyohiyo. Pini zilionyesha mahali, uzi ulionyesha mito na njia, na rangi zilionyesha maeneo. Wazee ndio waliotaja majina.

Darasani, mwanafunzi mmoja huelekeza kwa maneno tu, na mwenzake hupitisha uzi. Kosa la lugha huonekana papo hapo. Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021, na watu wa Goma wakakimbilia Rubavu. Kwa kuwa lava hufuata mabonde, tofauti kati ya “fuata bonde” na “vuka bonde” si jambo la sarufi pekee.