ZANA ZA KUSAWAZISHA UBAVU WA CHOMBO

Mafundi na wenye vyombo vya mbao katika mwambao wa Ziwa Victoria, mkoani Geita, wanakumbushwa kuwa ubavu ulio laini si lazima uwe umenyooka. Msasa ukishikwa kwa kiganja hufuata kila kinundu na kila bonde. Huvilainisha vyote bila ya kuviondoa.

Kwanza, vichwa vya misumari vizamishwe, na vinundu vikubwa vipunguzwe kwa randa. Kisha msasa ubandikwe juu ya kibao kirefu, chembamba, chenye kupinda kidogo. Kibao hicho hukata vinundu na kuvuka mabonde. Kisukumwe kwa mshazari, kwa pande zote mbili. Kazi ianze kwa msasa mkali wa namba 60, ifuate 80, imalizie 120. Mashine ya duara isitumike kunyooshea, kwani huchimba mbao laini upesi.

Msasa ukizidi, ubao hupungua unene. Na ubao mwembamba haushiki vyema msumari wala kalafati, ndipo maji yanapoingia na roho za watu kuhatarika. Fundi apapase ubavu mara kwa mara, asite panapotosha.

Rangi kuukuu huweza kuwa na madini ya risasi. Hivyo, barakoa ya vumbi ivaliwe.