Rekodi na Waliofungwa

Januari 26, 1960, katika kijiji cha Burnsville kilichojificha kwenye milima ya West Virginia, mwanafunzi aitwaye Danny Heater alifunga pointi 135 katika mechi moja ya mpira wa kikapu. Mechi ya sekondari Marekani huchezwa kwa dakika 32, yaani robo nne za dakika nane nane. Wakati huo mstari wa pointi tatu haukuwepo. Heater alitumbukiza vikapu 53 vya pointi mbili mbili, akaongeza mitupo huru 29, na bado akapata nafasi ya kudaka ribaundi 32. Shule yake iliichapa Widen 173 kwa 43. Kwa wavulana, hakuna aliyeivunja rekodi hiyo mpaka leo.

Haikuja kwa bahati. Kocha wake alishapanga na timu kabla ya mechi kwamba kila mpira utapelekwa kwa Heater, akitumaini kwamba jina la kijana huyo litawafikia watafuta vipaji wa vyuo vikuu. Familia yake haikuwa na uwezo wa kumsomesha, na Burnsville haikuwa njiani pa mtu yeyote wa chuo. Ukilijua hilo, kumlaumu kocha ni vigumu. Lakini mimi nikisoma matokeo ya namna hii, jicho hukimbilia namba ya pili, ile ya waliofungwa. Widen kilikuwa kijiji cha wachimba makaa ya mawe. Maskini alipandishwa juu ya mabega ya maskini mwenzake, na hao wa chini hakuna aliyewauliza.

Miaka 22 baadaye, tarehe ileile ya Januari 26, msichana wa Riverside Poly huko California, Cheryl Miller, alifunga pointi 105 peke yake dhidi ya Norte Vista. Matokeo: 179 kwa 15. Hapo namba ya pili inauma. Mwaka 1990, katika jimbo hilohilo, Lisa Leslie wa shule ya Morningside alifunga 101 katika nusu ya kwanza tu, dakika 16. Wapinzani wake, South Torrance, walikuwa nyuma 102 kwa 24, na kikosi chao kilikuwa kimepungukiwa wachezaji. Ilipofika mapumziko wakakataa kurudi uwanjani. Leslie akapewa mitupo minne ya adhabu kwa kosa hilo la wapinzani, akaiingiza yote na kufikia 105 za Miller, lakini wasimamizi wa mashindano wakaifuta baadaye. Nadhani walifanya vyema. Rekodi ya wasichana hivi sasa inashikiliwa na Epiphanny Prince wa Murry Bergtraum, New York, aliyefunga 113 mwaka 2006 katika ushindi wa 137 kwa 32.

Miller na Leslie wakaja kuchukua dhahabu ya Olimpiki, na majina yao yakaingia katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huu. Wangefika huko hata kama katika mechi hizo wangekalishwa benchi tangu robo ya pili. Waliohitaji kukalishwa ni makocha wao.

Sasa ilinganishe na Iowa, mwaka 1968. Kwa miongo mingi wasichana wa jimbo hilo la mashamba ya mahindi walicheza kikapu cha aina yao wenyewe: sita kwa sita, walinzi watatu nusu hii na washambuliaji watatu nusu ile, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuka mstari wa kati. Mchezaji aliruhusiwa kudunda mpira mara mbili tu, halafu apige au atoe pasi. Ubingwa wa jimbo kwa wasichana ulishindaniwa tangu 1920, wakati sehemu nyingi za Marekani msichana aliyetoka jasho hadharani alionekana hana adabu. Vijiji vilifunga maduka siku ya fainali.

Fainali ya 1968 iliwakutanisha Union-Whitten na Everly. Denise Long wa Union-Whitten alifunga 64. Jeanette Olson wa Everly alifunga 76, akashindwa. Ilikwenda muda wa nyongeza, ikaisha 113 kwa 107. Mtu anayeniuliza rekodi ya kufunga nitamtajia hii kabla ya ile ya 135, kwa sababu kila kikapu cha mmoja kilidaiwa na mwenzake upande wa pili. Mwaka uliofuata timu ya San Francisco Warriors ikamchagua Long katika usajili wa NBA, na mkuu wa ligi akaufuta uchaguzi huo. Lynne Lorenzen wa Ventura, hukohuko Iowa, aliyemaliza shule 1987, aliuacha mchezo huo wa sita kwa sita akiwa na jumla ya pointi 6,736. Hakuna atakayezifikia. Iowa iliufuta mwaka 1993, na rekodi hiyo ikabaki kama bingwa wa mbio ambazo barabara yake imeng'olewa.

Kuhusu kutofungwa, hadithi inayosimuliwa zaidi ina dubu ndani yake. Shule ya Passaic, katika mji wa viwanda vya nguo New Jersey, ilishinda mechi 159 mfululizo kati ya Desemba 1919 na Februari 1925. Kocha wao kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho, Ernest Blood, alifuga mtoto wa dubu na alizoea kuja naye kwenye mechi. Mashabiki wa watoto wa wafanyakazi, wengi wao wahamiaji kutoka Ulaya, walijaza kumbi kumwangalia dubu na timu, sijui kwa mpangilio upi. Mbinu ya Blood ilikuwa na akili. Zama hizo, kila baada ya kikapu mpira ulirudishwa katikati na kurushwa juu, warukaji wawili waugombee. Mwenye mrukaji bora angeweza kufunga, akauchukua tena, akafunga tena, na mpinzani asiuguse. Blood aliijenga timu nzima juu ya sheria hiyo. Ikaja kufutwa 1937.

Blood mwenyewe aliondoka mwaka 1924 kwa kutoelewana na uongozi wa shule, mfululizo ukiwa bado hai. Hackensack ndio waliouvunja, Februari 6, 1925, kwa 39 dhidi ya 35.

Wengi huishia Passaic. Lakini 159 si rekodi ya taifa kwa shule zote. Wasichana wa Baskin, kijiji kidogo cha Louisiana, chini ya mwalimu Edna Tarbutton, walishinda mechi 218 mfululizo, mpaka walipofungwa mwaka 1953. Hawakuwa na dubu, na labda ndiyo sababu hawatajwi sana.

Makocha niwapitie haraka. Kwa wavulana, Robert Hughes wa Fort Worth, Texas, alishinda mechi 1,333. Nyingi za awali alizipata I.M. Terrell, shule ya watoto weusi iliyofungwa mwaka 1973 wakati ubaguzi wa shule ulipoondolewa, naye akahamia Dunbar kuanza upya. Leta Andrews, pia wa Texas, alifundisha wasichana hadi 2014 na kufikisha ushindi 1,416. Texas hiyohiyo ndiko alikomalizia sekondari Hasheem Thabeet, kijana wa Makongo, Dar es Salaam, mwenye urefu wa sentimita zaidi ya 220, kabla ya kuchezea Chuo Kikuu cha Connecticut na kuchaguliwa wa pili katika usajili wa NBA mwaka 2009. Hakuna Mtanzania aliyewahi kucheza NBA kabla yake. Anayewajua vijana wa UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, wanaodunda mpira juu ya sakafu ya saruji yenye nyufa anajua hao warefu wengine wako wapi.

Ila ukitaka kuona roho ya shule katika mchezo huu, nenda Indiana. Mji wa New Castle, wenye wakazi wasiozidi 20,000, una ukumbi wa shule unaochukua zaidi ya watu 8,000, uliofunguliwa 1959, nao hutajwa kuwa mkubwa kuliko wote duniani kwa shule za sekondari. Miji jirani nayo ilijenga ya kwake kwa maelfu ya viti, kwa ushindani wa watani wa jadi. Sababu kubwa ilikuwa utaratibu wa mashindano: kwa muda mrefu shule zote za jimbo, kubwa na ndogo, ziliingia katika kapu moja, bingwa mmoja tu. Kijiji chochote kiliweza kuota.

Milan kiliota, kikaamka na kombe. Machi 20, 1954, shule hiyo yenye wanafunzi 161 ilikutana katika fainali na Muncie Central, shule yenye wanafunzi karibu mara kumi. Katika robo ya mwisho, Milan wakiwa nyuma, Bobby Plump alisimama na mpira mkononi kwa dakika nne na sekunde 13, hadundi, hapigi, huku ukumbi ukipiga kelele. Ubao ulipofika 30 kwa 30, akasubiri tena, kisha akafunga kikapu cha mwisho. 32 kwa 30. Kesho yake, inakadiriwa watu 40,000 walimiminika katika kijiji chenye wakazi elfu moja na ushee. Filamu ya Hoosiers ya mwaka 1986 imechota humo. Hapa namba ya pili ni 30, na kila mmoja wa waliofungwa angeweza kwenda nyumbani kifua mbele.

Kisichosimuliwa sana ni nani Milan walimfunga njiani. Siku chache kabla ya fainali waliiondoa Crispus Attucks ya Indianapolis, 65 kwa 52, na katika kikosi hicho alikuwemo kijana wa darasa la kumi, Oscar Robertson.

Attucks ilifunguliwa 1927 kwa ajili ya kuwatenga wanafunzi weusi wa jiji. Hadi 1942 haikuruhusiwa hata kushiriki mashindano ya jimbo. Ukumbi wake ulikuwa mdogo mno kwa mechi za ligi, kwa hiyo kila mchezo wa nyumbani ulichezwa kwa watu. Mashabiki wao walikuwa na wimbo wao maalumu, ambao hawakuuanza mpaka wajue hakika ushindi umeshapatikana. Wapinzani waliousikia walijua wamekwisha.

Mwaka 1955, chini ya kocha Ray Crowe, Attucks walipoteza mechi moja tu, tena kwa pointi moja, 58 kwa 57 mbele ya Connersville. Waliiondoa Muncie Central 71 kwa 70 njiani, kisha wakatwaa ubingwa kwa kuifunga Gary Roosevelt 97 kwa 74, Robertson akifunga 30. Ilikuwa shule ya kwanza ya watu weusi pekee nchini Marekani kutwaa ubingwa wa jimbo ulio wazi kwa shule zote. Gary Roosevelt nayo ilikuwa shule ya watu weusi, kwa hiyo usiku ule namba zote mbili zilikuwa na historia. Mwaka uliofuata wakashinda mechi zote 31, jambo ambalo hakuna bingwa wa Indiana aliyekuwa amelifanya kabla yao.

Desturi ilikuwa bingwa azungushwe mnara wa katikati ya jiji, watu washangilie. Attucks walipitishwa hapo kwa gari la zimamoto pasipo kusimama na kupelekwa moja kwa moja mtaani kwao, wakawashe moto bustanini na kucheza huko. Robertson aliendelea kulisimulia jambo hilo kwa uchungu hata baada ya kuwa nyota wa NBA. Kikosi hicho kiliongoza gwaride la mashindano ya magari ya Indianapolis 500 mwaka 2015, wakiwa wazee.

Rekodi ya watazamaji nayo ni ya Indiana. Machi 1990 watu 41,046 waliingia uwanja wa Hoosier Dome kuwaangalia Bedford North Lawrence wakiifunga Concord 63 kwa 60, huku Damon Bailey akifunga pointi 11 za mwisho za timu yake, yeye peke yake. Baada ya fainali ya 1997 jimbo likaachana na bingwa mmoja, shule zikagawanywa kwa ukubwa katika madaraja manne, kila daraja na kombe lake. Shule ndogo sasa zinashinda makombe mara kwa mara. Zinayatwaa kwa kuzifunga shule ndogo nyingine, na viti vya kumbi zile kubwa havijai kama zamani.