Wembe Mpya, Uzi na Kanga Safi: Vifaa vya Uzazi Viwekwe Tayari

Ndugu msomaji, tuseme wewe unaishi Yaeda Chini, katika wilaya ya Mbulu. Ni mwezi wa nne. Mvua ya masika imenyesha siku tatu mfululizo. Bonde limejaa maji na pikipiki haipiti. Saa nane ya usiku mke wako anakuamsha. Uchungu umeanza.

Utafanya nini?

Watu wengi watajibu: tutampeleka hospitali. Jibu hilo ni zuri. Kila mama mjamzito anapaswa kujifungulia kwenye zahanati, kituo cha afya au hospitali. Lakini njia imefungwa, na mtoto hangoji maji yapungue. Atazaliwa humo ndani ya nyumba, au atazaliwa njiani. Sasa kuna jambo moja tu la kuuliza. Je, vifaa viko wapi?

Mara nyingi vifaa haviko. Basi watu wanaanza kutafuta gizani. Mmoja anatafuta kiberiti. Mwingine anatoa kanga iliyofungia mtoto mkubwa mchana kutwa. Mtu anakumbuka kwamba uko wembe umechomekwa kwenye boriti. Wembe huo ulinyoa vichwa vya watoto wiki iliyopita, na ulikata kamba ya ndama. Huo ndio unaokata kitovu cha mtoto.

Hapo ndipo pepopunda huingia.

Vijidudu vya pepopunda huishi katika udongo na katika samadi. Katika wilaya za Mbulu na Hanang watu ni wakulima na wafugaji. Katika nyumba za asili za Wairaqw, ng'ombe na mbuzi hulala chini ya paa moja na watu. Samadi ni mali, na mahindi yanaijua kazi yake. Lakini samadi hiyohiyo ikigusa kitovu kibichi inaweza kuua. Mtoto huzaliwa vizuri na kunyonya vizuri siku za kwanza. Kisha, katika wiki ya kwanza au ya pili, anashindwa kunyonya. Mdomo unakaza. Mwili unakakamaa kama mti. Wengi wa watoto hawa hufa. Wapo wazee waliosema mtoto amerogwa. Hakurogwa. Wembe ulikuwa mchafu, au kitovu kilipakwa kitu kichafu.

Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imefaulu kuushusha sana ugonjwa huu kwa akina mama na watoto wachanga, hadi ukaacha kuhesabiwa kuwa tatizo kubwa la afya ya taifa. Chanjo ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Hata hivyo vijidudu vyenyewe havijaondoka. Bado vimo zizini. Kwa hiyo mama achanjwe kliniki mimba ikiwa bado changa. Kama hajawahi kuchanjwa, sindano ya pili hufuata wiki nne au zaidi baada ya ile ya kwanza. Chanjo ya mama humkinga na mtoto aliye tumboni.

Huenda utauliza: je, nikiuchemsha ule wembe wa zamani? Usiutegemee. Vijidudu vya pepopunda hujifunika kwa ganda gumu, na vingine huvumilia maji yanayochemka. Wembe mpya ulio ndani ya karatasi yake ni bora kuliko wembe wa zamani uliochemshwa kutwa nzima. Bei yake ni ndogo. Nunua miwili, kwa sababu mmoja unaweza kuanguka chini. Usiufungue mpaka wakati wa kukata.

Uzi nao una mambo yake. Nunua uzi mpya wa pamba, ulio imara. Nawa mikono kwa sabuni, kisha kata vipande vinne, kila kimoja urefu wa shubiri moja. Vichemshe, vikaushe juu ya kitambaa safi, vifunge ndani ya kitambaa hicho. Katika maduka mengi ya dawa vipo pia vibanio vya plastiki vya kufungia kitovu. Ukikipata kimoja, kiweke pamoja na uzi.

Halafu tafuta kanga tano au vipande vitano vya kitambaa laini. Si lazima viwe vipya. Vifue kwa sabuni, vianike juani, vipige pasi ya mkaa kama unayo. Kwa nini vitano? Kimoja hutandikwa chini ya mama, juu ya nailoni safi. Viwili ni vya mtoto. Vingine ni vya mama baada ya kujifungua. Hivyo viwili vya mtoto tutavirudia, kwa maana kosa kubwa hufanyika hapo.

Ongeza kipande cha sabuni, pamba, jozi nne za glovu, yaani mipira ya mikono, na tochi yenye betri mpya. Mkunga asiye na glovu anaweza kuambukizwa ukimwi au homa ya ini kwa damu. Mama vilevile anaweza kuambukizwa na mkunga. Mkunga wa jadi ni mtu wa heshima kijijini, amewapokea watoto wengi. Kumpa glovu si kumdharau. Ni kumlinda.

Vitu vyote hivi vitiwe ndani ya mfuko mmoja safi. Mfuko ufungwe na kuning'inizwa juu, mahali ambapo panya, kuku na watoto hawafiki. Tia humo kadi ya kliniki. Wote walio nyumbani waonyeshwe mfuko ulipo, hata mtoto wa shule. Kazi hii ifanywe mimba inapotimiza miezi saba. Mtoto njiti hatoi taarifa.

Sasa neno kwa baba. Katika nyumba nyingi pesa ya kuuza mahindi au mbuzi iko mfukoni mwako. Mama anaweza kujua kila kinachotakiwa lakini asiwe na hata shilingi ya kununulia wembe. Usingoje akuombe mara tatu. Siku ya mnada, kabla hujaketi kula nyama, pita dukani kwanza. Weka na pesa nyingine kando kwa ajili ya nauli. Huduma ya uzazi katika vituo vya serikali kwa sera haina malipo, lakini mara nyingi mama huambiwa aje na glovu zake, pamba, wembe na kanga. Kwa hiyo mfuko huu haupotei. Ukifika hospitali utatumika hospitali.

Turudi kwenye usiku ule wa Yaeda Chini. Mtu mmoja akimbie kumwita mkunga na majirani. Mwingine apige simu. Namba 115 haina malipo. Ni ya mpango wa kuwasafirisha akina mama na watoto wachanga wenye dharura, unaoitwa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Koka moto, nyumba ipate joto, lakini moshi usijae. Chemsha maji, yaache yapoe kidogo. Anayempokea mtoto apunguze kucha, anawe mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kisha avae glovu. Mama asipewe dawa ya kienyeji ya kuharakisha uchungu. Dawa hizo zinaweza kupasua mfuko wa uzazi.

Mtoto akitoka, mfute upesi kwa kitambaa cha kwanza. Mfute kichwa, mgongo, mwili wote. Kufuta huku kunamkausha na kunamwamsha apumue. Watoto wengi wasiolia mara moja hulia wakifutwa na kusuguliwa mgongo. Usimshike miguu ukamning'iniza kichwa chini. Usimmwagie maji baridi. Hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, ni moja ya mahali nchini ambapo wakunga wamefundishwa sana kumsaidia mtoto asiyepumua. Nao wanafundishwa kwamba kazi hiyo yote ifanyike ndani ya dakika moja ya kwanza. Fikiri mwenyewe: dakika moja, na kitambaa bado kinatafutwa!

Kitambaa cha kwanza kikishalowa kitupe kando. Hapa ndipo watu wanapokosea, wakimfunga mtoto kwa nguo hiyohiyo iliyolowa. Mbulu ni nchi ya baridi, hasa mwezi wa sita na wa saba. Mtoto aliyefungwa nguo mbichi hupoteza joto na kulegea. Mlaze juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, kisha wafunike wote wawili kwa kitambaa cha pili kilicho kikavu. Mvike kofia. Kumwogesha kungoje mpaka kesho yake.

Kitovu kisikatwe kwa haraka. Ngoja dakika moja mpaka tatu, hadi kamba iache kupigapiga. Funga uzi kwa nguvu upana wa vidole viwili kutoka tumboni mwa mtoto. Funga tena mbele kidogo. Kata katikati ya mafundo kwa wembe mpya. Usipake kitu: si majivu, si samadi, si samli, si mate, si majani. Kikae kikavu, kitaanguka chenyewe.

Mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza. Maziwa yale ya kwanza ya manjano si uchafu, ni kinga. Wapo wanaomlambisha samli au maji ya sukari. Hayahitaji.

Kondo la nyuma litatoka lenyewe. Usivute kamba, wala usiingize mkono.

Hapa, ndugu msomaji, mfuko wetu umefika mwisho wa uwezo wake. Umezuia uchafu na baridi. Damu hauwezi kuizuia. Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ndicho kisababishi kikubwa cha vifo vya uzazi duniani, na mama anaweza kufa kwa damu katika saa chache. Mwaka 2000 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Mbulu na Hanang. Watafiti waliwauliza watu habari za dada zao wa tumbo moja: wangapi walikua, na wangapi walikufa kwa ajili ya mimba au uzazi. Kwa majibu hayo wakakadiria vifo. Labda nawe ukiulizwa una jibu lako.

Kwa hiyo usikilize ushauri wa kungoja kuche, kama damu inalowesha kanga moja baada ya nyingine, au kondo halijatoka baada ya nusu saa. Vivyo hivyo mama akipata degedege, akiumwa kichwa sana na kuona giza, akiwa na homa kali, uchungu ukizidi saa 12, au mkono, mguu au kamba ya kitovu ikitangulia. Mchukueni kwa machela kama gari hakuna. Waende na ndugu wawili wenye afya wa kutoa damu.

Mama mwenye mimba ya kwanza, mwenye mapacha, aliyezaa mara tano au zaidi, au aliyewahi kupasuliwa, asingoje uchungu kijijini. Asogee karibu na hospitali wiki mbili au tatu kabla, akakae kwa ndugu. Hospitali nyingine zina nyumba ya kusubiria, uliza kliniki. Barabara haiaminiki. Watu wa Hanang wanajua. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yalishuka kutoka mlima Hanang, yakaikumba Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa, na barabara ikafunikwa kwa tope.

Kama mtoto amezaliwa nyumbani salama, wembe uliotumika utupwe chooni na kondo lizikwe kwa kina, mbwa wasifukue. Kabla ya saa 24 kupita, mama na mtoto wafike zahanati wakapimwe, hata kama wote wanaonekana wazima. Mtoto atapata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Chukueni kadi, imo mle mfukoni.