Mwimbaji Anapokosea

Leo twataka kuzungumza na wanakwaya na wapiga vinanda. Ninyi wengine msizime redio, kwani aliyeketi kwenye benchi mara nyingi hulisikia kosa kabla ya yule aliyelifanya.

Kila aliyewahi kuimba katika kwaya azijua aibu hizi. Mwalimu aanzisha wimbo kwa sauti ya juu mno. Ubeti wapita salama, lakini kwenye kiitikio waimbaji wa sauti ya kwanza wabaki kupiga mayowe. Mmoja aingia peke yake kwa nguvu zote mahali ambapo wote walipaswa kunyamaza. Mpiga kinanda cha umeme agusa kitufe asichokijua, na ngoma ya dansi yalia katikati ya sala ya kuungama. Haya tumeyaona, na tumecheka, Mungu atusamehe.

Mengi katika makosa hayo hayaletwi na uvivu. Wimbo uliokaririwa hukaa katika vidole na ulimi kama mnyororo, pete moja ikivuta nyingine. Mwimbaji akiona mkutano mkubwa, moyo ukamdunda, akaanza kujiuliza ni neno gani lifuatalo, mnyororo hukatika papo hapo. Hawezi kuuokota katikati. Humbidi arudi nyuma. Kwa hiyo mwalimu mwerevu huwazoeza watu wake kuanza wimbo kutoka mahali popote, wala si mwanzo tu. Kosa dogo na lipite. Lakini wimbo wote ukivunjika, yafaa kusimama.

Tarehe 10 Desemba 2016, mjini Stockholm, mwimbaji wa Marekani Patti Smith aliimba wimbo wa Bob Dylan katika sherehe ya Tuzo la Nobel, mbele ya mfalme wa Uswidi. Maneno yakampotea. Alisimama, akaomba radhi, akasema amepatwa na wasiwasi, akaomba kuirudia sehemu ile. Watu wakampigia makofi.

Ludwig van Beethoven naye, mtunzi yule mashuhuri, aliaibika mjini Vienna tarehe 22 Desemba 1808. Muziki wa jioni ile ulichukua kama saa nne, ukumbi ulikuwa baridi, na mazoezi hayakutosha. Katika kipande cha mwisho, cha piano, okestra na kwaya, wapigaji walipotezana. Beethoven, aliyekuwa kwenye piano, akawasimamisha wote na kuanza upya, watu wakisikia. Wapigaji walifedheheka sana. Ignaz von Seyfried, aliyeongoza muziki katika ukumbi huo, ameandika kwamba walikuwa wamepatana mazoezini sehemu fulani isirudiwe, na Beethoven mwenyewe ndiye aliyesahau, akairudia. Kwanza hakuona kwamba amewaaibisha wenzake; alidhani waliolipa walistahili kusikia muziki ulio sawa. Alipofahamu aliwaomba radhi, akawa akisimulia yeye mwenyewe kwamba kosa lilikuwa lake.

Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 25, yahesabu waimbaji 288 wa nyumba ya Bwana, wote hodari, waliopigiwa kura za zamu, mwalimu sawasawa na mwanafunzi. Mwalimu hakuwekewa kura yake pembeni. Sisi tulijiwekea.

Tulipokuwa chuo cha theolojia tulikwenda Jumapili kupiga kinanda cha kukanyaga katika kanisa la jirani. Siku moja kijana wa kwaya aliandika ubaoni wimbo wa 210, sisi tukafungua wa 201. Sasa, nyimbo za kanisani hupimwa kwa silabi, na mbili zenye kipimo kimoja zaweza kubadilishana tuni bila mtu kugutuka. Hizo hazikuwa na kipimo kimoja. Kufikia mstari wa pili watu walikuwa na maneno mengi kuliko noti. Wengine wakayameza, wengine wakafunga vitabu. Tukaendelea kukanyaga mpaka mwisho.

Baada ya ibada tulimkemea yule kijana mbele ya wenzake. Hakujibu neno. Tulipokuwa tukifunga kinanda tukatazama ubao: 210, imeandikwa wazi. Tukanyamaza. Jumapili iliyofuata kijana hakuja, wala ile ya pili, na ya tatu watu walikuwa wakiuliza ni nani atakayeandika nambari.

Ndipo tukaieleza kwaya yote jinsi mambo yalivyokuwa. Lakini yeye hakuwapo kusikia, kwa hiyo ilitubidi kwenda kwao. Mama yake alitupikia chai, nasi tukaona vigumu kuinywa. Tulipomaliza kuungama, kijana alitazama chini kwa muda mrefu, kisha akatuuliza kama nambari zake zasomeka vizuri kutoka kwenye kinanda, ama aziandike kubwa zaidi.