"Kupe" Asiyenyonya Damu: Tafakuri Juu ya Kulitaja Gari la Lotus Elite

Kwa mfugaji wa Kombani, pale barabara ya Kwale inapochepuka kutoka ile ya Likoni, kupe ni mdudu anyonyaye damu ya ng'ombe. Je, tumwelezeje gari ambalo Wafaransa huliita coupé? Jina hilo latokana na kitenzi chenye maana ya kukata. Awali lilikuwa la gari la farasi lililofupishwa. Leo ni gari la milango miwili lenye paa lisilokunjwa.

Mfano adimu ni Lotus Elite, lililobuniwa katika kiwanda kidogo cha Colin Chapman na kuonyeshwa London mwaka 1957. Halikutegemea chasi ya chuma. Bodi yenyewe, ya faiba, ndiyo iliyobeba injini na magurudumu. Mvuvi wa Diani aijuaye boti ya faiba ataelewa upesi: ganda ndilo uti wa mgongo. Hadi uundaji ulipokoma mwaka 1963, yalitoka magari yapatayo 1,000 tu.

Hivyo basi, utohozi haufai pale sauti ya neno geni inapogongana na neno lililo hai. Tuseme "gari la michezo la milango miwili", naye kupe tumwachie ng'ombe wake.